Ujumbe Unavyosafiri Pasipo na Mlingoti wa Simu

Haya ni maandishi kamili ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa wakazi wa Kaunti ya Isiolo kuhusu njia za mawasiliano katika maeneo yasiyofikiwa na mtandao wa simu.



Mazungumzo haya si tangazo la mradi. Hakuna simu zitakazogawanywa wala zabuni inayofunguliwa leo. Lengo ni kueleza kwa lugha ya kawaida aina moja ya mtandao ambao vifaa vyenyewe hupokezana ujumbe bila kutegemea mlingoti, kanuni zinazouongoza, na mambo ambayo mwananchi anapaswa kuyauliza siku ambayo mtu atakuja kijijini akisema ameleta mtandao wa namna hiyo.

Kwa nini jambo hili linaihusu Isiolo

Kaunti hii ina ukubwa wa takriban kilomita mraba 25,336. Sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 268,002: watu 121,066 katika kaunti ndogo ya Isiolo, 99,730 Garbatulla na 47,206 Merti. Ukigawanya watu hao kwa eneo lote, unapata takriban watu 11 kwa kila kilomita mraba. Hata wastani huo hauonyeshi hali halisi, kwa sababu wengi wanaishi mjini na katika vituo vya biashara, na malisho yanabaki na watu wachache wanaohamahama.

Kampuni ya simu inapotafuta mahali pa kujenga mlingoti, ule ambao wengi huuita busta, huhesabu idadi ya wateja, gharama ya umeme au dizeli, hali ya barabara na usalama wa mafundi. Kwa hesabu hiyo, Bulla Pesa na Wabera hutangulia, na nyanda za Cherab, Chari na Sericho hungoja. Serikali ya kitaifa ilianzisha Mfuko wa Huduma kwa Wote, unaosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, ili kusaidia kufikisha huduma mahali ambapo biashara pekee haiwezi kuifikisha. Hata hivyo, mlingoti ukishajengwa hufunika sehemu fulani tu, na mifugo haikai sehemu moja.

Pengo hilo huonekana hasa wakati wa hatari. Mto Ewaso Ng'iro huanzia Mlima Kenya na milima ya Aberdare, hupita hapa Isiolo na kuteremka hadi kinamasi cha Lorian. Mvua kubwa ikinyesha kule juu, maji yanaweza kufika sehemu za chini huku jua likiwaka na wingu halionekani. Wakazi wanakumbuka mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 na mafuriko yaliyozikumba kaunti za kaskazini baada ya ukame wa miaka mingi. Katika hali kama hiyo, saa mbili za onyo zinatosha kuwahamisha watoto na mbuzi kutoka kwenye ukingo. Onyo lililobaki kwenye simu isiyoshika mtandao halimsaidii mtu.

Mtandao wa kupokezana ni nini

Katika mtandao wa kawaida wa simu, mtu wa Kinna akimpigia jirani yake aliye mita mia mbili kutoka hapo, sauti yake huenda kwanza hadi kwenye mlingoti, kisha kwenye mitambo ya kampuni, ndipo irudi kwa jirani. Mlingoti ukizimika, majirani hao wawili hawapatani kwa simu ingawa wanaonana kwa macho.

Mtandao wa kupokezana haufuati utaratibu huo. Kila chombo, kiwe simu, redio ndogo au kisanduku cha sola juu ya paa la shule, ni cha mwenyewe na pia ni mpitishaji wa ujumbe wa wengine. Ujumbe hurukia chombo cha karibu, kisha kinachofuata, hadi ufike. Vyombo vinaweza kuhama, vipya vikaingia na vingine vikazimika. Mtandao hujipanga upya wenyewe bila fundi kuja.

Wafugaji wa hapa hawahitaji kufundishwa wazo hilo. Waborana hutuma watu kukagua malisho na maji kabla ya kuhamisha mifugo, kazi inayoitwa abuuru, na Wasomali huiita sahan. Anayerudi hueleza alichokiona, na kila anayekutana na msafiri kisimani humuuliza kuhusu mvua, majani, magonjwa na amani. Habari hupita kutoka mdomo hadi mdomo na kufika mbali kuliko mtu yeyote mmoja aliyetembea. Wahandisi wamelichukua jambo hilohilo na kulifanya kwa redio, halafu wakakutana na maswali yaleyale ambayo wazee huyajua. Nani apewe habari ili azifikishe? Habari hii ni ya leo au ya wiki iliyopita? Je, huyu anayesema anaijua njia ni mkweli?

Majaribio ya kutuma data kwa redio yalianza zamani. Mwaka 1971, Chuo Kikuu cha Hawaii kilianza kuunganisha kompyuta za visiwa mbalimbali kwa redio. Tangu 1973, idara ya utafiti ya jeshi la Marekani ilifadhili redio za kupokezana data, baadhi yake zikiwa ndani ya magari yanayotembea. Katika miaka ya 1990 kompyuta za kubebeka na redio ndogo zilienea, na hapo wataalamu wakaanza kutunga kanuni za kuamua ujumbe upite njia gani. Kanuni hizo kwa Kiswahili huitwa itifaki za njia. Kuna nyingi, lakini nyingi kati yake zinaingia katika makundi matatu.

Kundi la kwanza: kuijua njia kabla ya kuihitaji

Katika kundi hili, kila chombo hutunza orodha ya vyombo vingine vyote na jirani wa kumpitishia ujumbe ili kumfikia kila mmoja. Ili orodha isichakae, vyombo huulizana na kujibizana kila baada ya muda mfupi, hata kama hakuna mtu mwenye ujumbe wa kutuma. Itifaki ya DSDV ya 1994, iliyotungwa na Charles Perkins na Pravin Bhagwat, ni ya aina hii. Nyingine ni OLSR, iliyotokana na kazi ya watafiti wa Ufaransa na kuchapishwa rasmi mwaka 2003.

Ni kama mzee anayemtuma kijana kila asubuhi kwenye maboma yote kuuliza nani yuko na nani amehama. Siku akitaka kutuma habari, haitaji kuuliza tena, kwa kuwa anaijua njia tayari. Faida yake ni haraka. Hasara yake ni kwamba kijana anachoka kila siku, hata siku zisizo na habari. Kwa redio, uchovu huo ni chaji ya betri. Maboma yakiwa yanahama kila mara, orodha ya asubuhi inakuwa ya uongo kufikia jioni.

Utaratibu huu unafaa mahali ambapo vyombo vimetulia na vina umeme wa uhakika: shule, zahanati, ofisi ya chifu na soko katika kituo kama Garbatulla au Merti.

Kundi la pili: kuuliza njia wakati wa haja

Hapa chombo hukaa kimya mpaka mwenyewe apate ujumbe wa kutuma. Ndipo kinapotangaza swali: "Nani anajua njia ya kumfikia fulani?" Kila anayelisikia hulirudia kwa majirani zake, isipokuwa kama yeye ndiye anayetafutwa au anaijua njia. Jibu hurudi kinyumenyume kwa njia ileile swali lilikopitia, na njia inakuwa imepatikana.

Itifaki mbili za kundi hili zimejulikana sana. DSR, iliyoelezwa mwaka 1996 na David Johnson na David Maltz, huandika juu ya ujumbe majina ya wapitishaji wote kwa mpangilio, kama barua yenye orodha ya kila mtu atakayeibeba. AODV, ya Charles Perkins na Elizabeth Belding pamoja na wenzao, ilichapishwa rasmi mwaka 2003. Yenyewe haiandiki safari nzima, bali kila chombo hukumbuka hatua inayofuata tu: "Ukitaka kumfikia fulani, mpe jirani huyu."

AODV ina jambo moja ambalo kila mfugaji atalitambua. Kila habari ya njia hupewa namba inayopanda. Mtu akileta njia yenye namba 12 na mwingine akaleta yenye namba 15, chombo huchagua ya 15 hata kama ni ndefu zaidi, kwa sababu ni mpya. Bila kanuni hiyo, ujumbe unaweza kuzunguka: wa kwanza anampa wa pili, wa pili anampa wa tatu, wa tatu anamrudishia wa kwanza, na betri zinaisha bila habari kufika. Wazee nao humwuliza anayesema kisima fulani kina maji aliyaona lini.

Njia ikikatika katikati, kwa mfano chombo kimoja kikizimika, kilicho kabla yake hurudisha taarifa kwamba njia imefungwa, na aliyetuma huuliza upya. Utaratibu huu huokoa chaji watu wanapotuma ujumbe mara chache. Kasoro yake ni kuchelewa kidogo mwanzoni, na kelele nyingi ikiwa watu wengi wanauliza kwa wakati mmoja.

Kundi la tatu: kubeba ujumbe mpaka ukutane na wa kumpa

Makundi mawili ya kwanza yana sharti moja kubwa. Ni lazima, wakati ujumbe unatumwa, kuwe na vyombo vilivyoshikana mfululizo kutoka mwanzo hadi mwisho. Katika mji sharti hilo linatimia. Katika malisho ya fora, ambako kambi moja ya mifugo inaweza kuwa mbali sana na nyingine, mara nyingi halitimii.

Kundi la tatu halidai mnyororo uliokamilika. Chombo huhifadhi ujumbe, mwenyewe anaendelea na safari yake, na anapokutana na chombo kingine ujumbe unanakiliwa. Unaweza kufika baada ya saa chache au siku mbili, lakini unafika. Mfano maarufu wa kazi hii haukutoka Ulaya wala Marekani peke yake. Ulijaribiwa jirani na hapa, katika Kaunti ya Laikipia, na wabebaji wake walikuwa punda milia.

Punda milia waliobeba habari za wenzao

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Princeton cha Marekani walikuwa na tatizo. Mwanabiolojia Daniel Rubenstein, aliyechunguza punda milia kwa miaka mingi, alitaka kujua wanyama hao wanakwenda wapi usiku na mchana. Kola za redio za wakati huo zilimlazimu mtafiti kumfuata mnyama kwa gari. Mtandao wa simu haukuwa umeenea katika nyanda zile. Margaret Martonosi, mhandisi wa kompyuta wa chuo hichohicho, pamoja na wenzake, wakabuni mradi ulioitwa ZebraNet. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 2002, yakilenga eneo la Kituo cha Utafiti cha Mpala, na Januari 2004 kola zilivishwa punda milia katika hifadhi ya Sweetwaters, karibu na Nanyuki.

Kila kola ilikuwa na kipokezi cha GPS, kumbukumbu, redio, betri na vipande vidogo vya sola. Kola ilirekodi mahali mnyama alipo. Punda milia wawili walipokaribiana, kola zao zilipeana kumbukumbu. Kwa hiyo punda milia mmoja aliweza kuwa na habari za wengine ambao mtafiti hajawaona kabisa. Mtafiti hakuhitaji mlingoti. Alipita kwa gari lenye redio, na mnyama yeyote aliyemkaribia alimkabidhi habari zake pamoja na za wenzake.

Swali likawa: kila kola impe kila mwenzake kila kitu? Wataalamu walilinganisha kanuni mbili kwa kompyuta. Ya kwanza ni ya mafuriko, yaani kila unayekutana naye unampa yote. Habari hufika kwa wingi ikiwa nafasi ya kuhifadhi ni kubwa na redio zina uwezo wa kutosha, lakini chaji hutumika sana kwa sababu ujumbe mmoja hunakiliwa mara nyingi.

Ya pili ni ya historia. Kila kola hujipa alama. Ikikutana na gari la mtafiti, alama hupanda, na ikikaa muda mrefu bila kukutana nalo, alama hushuka. Kola mbili au zaidi zikikutana, habari hupewa ile yenye alama ya juu, kwa matarajio kwamba aliyekutana na gari karibuni ana nafasi nzuri ya kukutana nalo tena. Pale ambapo uwezo wa redio ni mdogo, kanuni hii ilionyesha faida yake, kwani haiwachoshi wabebaji wote kwa mzigo mmoja. Pia kulikuwa na utaratibu wa kufuta: habari ikishafika kwa mtafiti, kola huarifiwa ili zisiendelee kubeba mzigo uliokwisha kupokelewa.

Utaratibu huo unaweza kupimwa kwa maisha ya Isiolo. Ngamia hawaendi sokoni kila siku, lakini lori la mifugo huenda. Mwalimu, muuguzi wa zahanati na dereva wa gari la abiria hupita mahali penye mtandao mara kwa mara kuliko mchungaji wa fora. Mtandao wa kupokezana unaofuata historia utatambua wenyewe, bila mtu kuuambia, kwamba simu ya dereva ndiyo yenye alama ya juu. Ujumbe wa mchungaji kuhusu ugonjwa wa mbuzi utampata dereva kisimani, na dereva akifika Isiolo mjini ujumbe utaingia katika mtandao wa kawaida na kumfikia afisa wa mifugo.

Hesabu ya mnyororo

Kabla mtu hajaahidiwa kwamba visanduku vichache vitaunganisha kata nzima, ni vizuri afanye hesabu. Tuseme umbali ni kilomita 100, na kila kisanduku kinafikisha mawimbi kilomita 5. Vitahitajika takriban 20 kwa mstari mmoja. Tuseme tena kila kisanduku ni kizuri sana, kinafanya kazi siku 95 kati ya 100. Mtu anaweza kudhani njia nzima itakuwa wazi siku 95 kati ya 100. Sivyo. Njia iko wazi tu ikiwa vyote 20 viko wazi pamoja, na nafasi ya hilo kutokea ni takriban siku 36 kati ya 100.

Sasa weka visanduku viwili kila mahali badala ya kimoja, kila kimoja kikiwa na sola na betri yake. Mahali panakatika pale tu ambapo vyote viwili vimezimika kwa wakati mmoja. Nafasi ya njia nzima kuwa wazi hupanda hadi takriban siku 95 kati ya 100. Vifaa vimekuwa maradufu, lakini mtandao umetoka katika hali ya kubahatisha na kuwa wa kutegemewa. Ndiyo maana ya itifaki nzuri: inajua kuhamia kwa jirani wa pili wa kwanza anapozimika. Lakini itifaki haiwezi kuhamia kwa jirani ambaye hayupo.

Jambo la pili ni uzito wa ujumbe. Redio moja haiwezi kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja katika masafa yaleyale. Kila mpitishaji hutumia muda wa kupokea na muda wa kurudia, hivyo uwezo hupungua kadiri hatua zinavyoongezeka. Ujumbe mfupi wa maandishi hupita vizuri, lakini video ya dakika tano inaweza kuwafungia njia wengine wote. Bluetooth ya simu ya kawaida hufika makumi ya mita tu. Redio ndogo za aina ya LoRa hufika kilomita kadhaa kwa chaji kidogo, lakini hubeba maneno machache. Programu ya Meshtastic, inayotumia redio hizo, kwa kawaida huruhusu ujumbe urudiwe mara 3 na mwisho kabisa mara 7. Kikomo hicho kimewekwa kwa makusudi. Kila mtu akirudia kila anachosikia bila kikomo, kelele huziba masikio ya wote na hata onyo la mafuriko halisikiki.

Mitandao iliyowahi kusaidia

Oktoba 2012 Kimbunga Sandy kilipopiga jiji la New York, mtaa wa Red Hook, Brooklyn, ulifurika maji. Mtandao mdogo wa kupokezana uliokuwa umewekwa na shirika la mtaani, Red Hook Initiative, uliendelea kufanya kazi wakati huduma nyingine zilikuwa zimekatika, na shirika la serikali la maafa, FEMA, likauongezea kiungo cha satelaiti. Uliweza kusaidia kwa sababu ulikuwepo kabla ya mafuriko. Hapa Kenya, katika mtaa wa Kibera, Nairobi, TunapandaNET imeunganisha shule na vituo vya vijana kwa mtandao wa jamii. Katika mifano yote miwili, vifaa vilikuwa nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni watu wanaojua kupanda juu ya paa, kusafisha sola na kubadilisha betri.

Hatari za kufahamu

Mtandao unaotegemea majirani unaweza kuharibiwa na jirani. Chombo kinaweza kudanganya kwamba kinaijua njia fupi kuliko wote, kikavuta ujumbe wote na kuutupa. Wataalamu huliita shimo jeusi. Kinaweza pia kusikiliza ujumbe usio wake. Katika kaunti ambayo habari za mahali mifugo ilipo zinaweza kumfikia mwizi wa mifugo, jambo hili si la kupuuzwa. Ujumbe unaoeleza kambi iko wapi ni lazima ufungwe kwa siri, ili mbebaji aubebe bila kuweza kuusoma.

Kuna pia ubinafsi wa kawaida. Kupitisha ujumbe wa mwenzako hula chaji yako, na mahali ambapo kuchaji simu ni kulipa dukani, mtu anaweza kuamua kupokea tu bila kupitisha. Wakifanya hivyo wachache, mtandao huvumilia. Wakifanya wengi, hakuna mtandao, na waliozima wanakosa pia. Kanuni bora ya kompyuta haiwezi kumlazimisha mtu. Hili huamuliwa na makubaliano ya wazee wa malisho na vijana, kama makubaliano ya zamu za kisima.

Sheria na maswali ya kuuliza

Si halali mtu kuweka redio ya masafa yoyote anayotaka. Vifaa na masafa husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, ambayo mwaka 2021 ilitoa mwongozo wa leseni na matumizi ya pamoja ya masafa kwa mitandao ya jamii. Taarifa za watu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kikundi cha vijana, ushirika au shule inayotaka kuanzisha mtandao ianzie hapo kabla ya kununua chochote.

Mtu au shirika likija na mtandao wa kupokezana, wakazi waulize maswali haya barazani, na majibu yaandikwe:

Kwanza, ujumbe utaingia wapi katika mtandao wa kawaida, na kiungo hicho kikizimika kuna kingine?

Pili, ikiwa vyombo viwili vya katikati vitakufa, nani hatapata mawasiliano?

Tatu, mtandao unadai njia iwe wazi mwanzo hadi mwisho, au unaweza kubeba ujumbe mpaka mtu akutane na mwingine? Kwa watu wa fora jibu la pili ndilo lenye maana.

Nne, nani anaweza kusoma ujumbe na kuona kambi zilipo, na kumbukumbu zinafutwa lini?

Tano, betri zikichoka baada ya miaka michache, nani atanunua nyingine, na kijana gani wa hapa amefundishwa kuzibadilisha?

Anayeshindwa kujibu maswali hayo hajawa tayari, hata kama vifaa vyake vinang'aa.

Mpaka hapo mitandao hiyo itakapokuwepo, utaratibu wa sasa unabaki vilevile. Palipo na mtandao wa simu, namba za dharura ni 999 na 112, na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupatikana bila malipo kwa 1199. Palipo kimya, kila kijiji kiamue mapema nani atatumwa, kwa pikipiki au kwa miguu, hadi mahali simu inaposhika, na nani atakwenda iwapo wa kwanza hayupo. Huo nao ni mtandao wa kupokezana, na hesabu ya mnyororo inauhusu pia: usiwe na mjumbe mmoja tu.

Kidole kimoja hakivunji chawa.